Tairi za Kiangazi

Gari lilikuwa limeshatoka getini. Begi la mama mkwe liko kwenye buti, ncha ya mwavuli wake imebanwa na mlango inachungulia nje, na mvua ya kwanza ya masika inalipiga paa kama mtu anayemimina maharage kwenye sinia.

"Mama, umefunga mkanda?" aliuliza Kona bila kugeuka.

"Nimefunga, baba. Endesha taratibu. Basi likiniacha, litakuwa limejikosesha abiria wa maana."

Kona akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Alikuwa na haraka na pia hakutaka kuonekana ana haraka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwao mwezi mzima, amekula, amelala, amemsifu mkwewe kwa majirani, na sasa anarudi kwake. Mkewe Kona, ambaye ni nesi, alikuwa ameshaaga tangu asubuhi akakimbilia zamu zahanati. Kumfikisha mama stendi salama ilikuwa kazi ya mkwe, na mkwe mwenyewe ni mwalimu wa udereva. Nani angehangaika?

Jina la Kona alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu ya msemo wake: gari halikati kona, dereva ndiye anayekata. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo hakuna anayelipinga. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nami nimepita miji mingi na sijaona dawa yake. Ukianza kumwambia neno, kabla hujafika katikati, yeye ameshafika mwisho. "Najua," atasema. "Najua, najua." Mkewe alikuwa akisema siku ya Kona kufa, malaika atabaki mlangoni anakohoa tu, maana hatapewa nafasi ya kujitambulisha.

Sasa, habari yenyewe ni ya tairi.

Mdogo wake mke wa Kona, yaani shemeji yake, alikuwa muuzaji kwenye duka la tairi. Duka lilikuwa limeletewa seti moja ya majaribio, tairi za kasi, pana, ukuta wa mpira ubavuni mfupi, zimekwishavalishwa rimu zake, zinang'aa. Mzigo mzima ulikuwa unasubiri neno la bosi. Bosi, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, hakutaka kusikia habari za viwanja vya mashindano. "Wateja wangu hawashindani," alisema. "Wanapeleka watoto shule. Nataka mtu azivae kwenye gari la kawaida, apite nazo kwenye matuta, mashimo, jua na mvua, halafu aje aniambie zinafaa au hazifai."

Shemeji akasema, "Namjua mtu." Ndiye aliyemshawishi bosi kuhusu tairi hizo tangu mwanzo, kwa hiyo shingo yake ilikuwa imeshawekwa mezani. Zikifaa, atakuwa msimamizi wa mauzo. Zisipofaa, bosi alishamwambia aanze kutafuta pa kwenda.

Siku ya kuzileta, shemeji alizigonga kwa kidole, akajaribu kueleza. Ubavuni zilibandikwa karatasi ya duka iliyotafsiriwa: TAIRI ZA KIANGAZI.

"Hili neno lisikuchanganye, shemeji. Huko zinakotengenezwa kuna majira barafu inafunika barabara. Hizi si za majira hayo, ni za..."

"Najua. Za kiangazi. Nimesoma."

"Ndiyo, lakini maana yake..."

"Najua, bwana. Ziache."

Shemeji akaziacha. Alisisitiza jambo moja tu: zisitoke kwenye gari mpaka bosi aseme. Kona akasema hilo nalo analijua.

Wiki zile za jua Kona alikuwa kama bwana harusi. Alimpeleka mkewe kazini, akaenda sokoni, akazunguka na mama mkwe kusalimia ndugu, na kila jioni alimpigia shemeji simu.

"Usukani unasikia hata mawazo. Ukifikiria kulia, gari limeshakwenda."

"Na kwenye mashimo?"

"Kwenye mashimo utajua una mifupa mingapi. Mama leo ameniuliza kama gari lina kiti au ni mkeka tu."

Shemeji alikuwa anacheka, anamweleza bosi. Bosi alikuwa anaitikia, "Bado mvua. Nasubiri mvua."

Mvua ikabisha hodi asubuhi ile ile ya safari ya mama. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati. Kona aliamka mapema, akayatazama mawingu, akazitazama tairi. Akajiambia: kiangazi ni kiangazi, masika ni masika. Huwezi kumbeba mama mkwe masika kwa tairi za kiangazi. Bosi mwenyewe ni mfanyabiashara tu, hajui hatari anayoitaka. Akatoa jeki, akaenda nyuma ya nyumba, akafunua turubai lililoficha magurudumu yake ya zamani. Tairi zile zilikuwa vipara. Mifereji yake ilikuwa imefutika kiasi kwamba ungeweza kuzipangusa kwa kitambaa kama sahani. Ila zilikuwa tairi za siku zote, zimeshaona masika mengi. Akazifunga, mpya akaziegemeza ukutani, akazifunika.

Alipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa kwenye dirisha la jikoni, kikombe mkononi.

"Kuna pancha, baba?"

"Hapana, mama. Naweka mambo sawa tu."

"Haya."

Basi hivyo ndivyo walivyotoka getini.

Kwenye mzunguko wa karibu na stendi, lori lililokuwa mbele lilipunguza mwendo. Kona akakanyaga breki kwa adabu, kama anavyofundisha. Gari halikusikia. Lilikwenda kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu, kwa ukimya, likimwonyesha kila kitu taratibu: tako la lori, ukingo wa mawe, mtaro. Akakwepa lori. Ukingo ukalipokea gari ubavuni, na mtaro ukalipokea gurudumu la mbele.

"Mama?"

"Nipo. Mkono ndio sijui kama upo."

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Msamaria mmoja aliwapeleka zahanati kwa gari lake, na aliyempokea mama mlangoni alikuwa binti yake mwenyewe, na sare yake nyeupe. Hakulia. Alimtazama mumewe mara moja tu, akaanza kazi.

Shemeji, aliyepigiwa simu na dada yake, alifika amelowa mpaka soksi, pikipiki aliyokuja nayo hata hakukumbuka kuilipia mpaka dereva alipomfuata ndani. Alimshika mama bega, akaona bandeji ngumu ya plasta inakauka, akashusha pumzi. Kisha akamvuta Kona pembeni, si mbali, hatua chache kutoka kitandani.

"Shemeji, nini? Ni tairi?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Sentensi nzima ilikuwa imekaa kwenye ulimi. Lakini mkewe alikuwa anasikiliza, na muuguzi mwingine, na yule dereva wa pikipiki, na yeye ni mwalimu wa udereva.

"Zimeteleza," alisema.

Neno lenyewe halikuwa la uongo. Tairi ziliteleza. Hakusema zipi.

Mama mkwe, kitandani, aligeuza uso akautazama ukuta.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Jioni, mvua ikiwa bado inanyesha, Kona alitoa tena jeki. Alivua vipara, akafunga tairi mpya, mikono inateleza, kama mwizi anayerudisha kuku bandani. Alipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa kwenye dirisha lile lile, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Safari hii hakuuliza kama kuna pancha. Alivuta pazia.

Mezani mkewe alisema, "Mdogo wangu hakungoja. Ameenda mwenyewe kwa bosi, akamwambia tairi zimeteleza, zimemvunja mama. Bosi ameghairi mzigo. Amemwambia arudishe funguo za duka kesho."

Kona alirudisha tonge kwenye sahani.

"Mimi nilijua tu," mkewe akaendelea. "Tairi za fasheni. Za kupigia picha."

Mama mkwe alikuwa anahangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto. "Nisogezee maji, baba," alisema. Kona akamsogezea. Alitamani atukanwe. Hakuna aliyemtukana. Mkewe alimwongezea hata mchuzi, akamwambia ale, leo amepata mshtuko.

Asubuhi, mkewe alipokwenda zamu, Kona alimkuta mama barazani.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia."

"Mimi usiniambie."

"Ni kuhusu..."

"Najua," alisema mama mkwe. "Na mimi nikisema najua, baba, huwa najua kweli."

Kona akainamisha kichwa.

"Mimi ni mama mkwe wako," akaendelea, sauti yake ya chini. "Mdomo wangu hauwezi kukuvua nguo mbele ya mkeo. Haifai, na sitafanya. Mkono utapona. Lakini yule kijana anayerudisha funguo leo, naye nilimzaa mimi."

Mvua ilikuwa inanyesha Kona alipofika dukani na gari lake, lililokuwa bado linatembea. Mafundi walikuwa ndani, mashine ya kubalansi magurudumu inazunguka. Shemeji alikuwa mbele ya kaunta, ovaroli la duka limekunjwa vizuri, funguo juu yake. Bosi alikuwa amevaa miwani.

"Pole na mama," bosi alisema. "Nimekosea kukupa vile vitu."

"Tairi zilizoteleza si zako," Kona alisema. "Ni vipara vyangu. Zako nilizitoa alfajiri. Jana jioni nikazirudisha."

Fundi mmoja akazima mashine.

"Ulizitoa kwa nini?"

"Mvua ilikuwa inakuja. Na hizi ni za kiangazi."

Fundi huyo akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mwalimu, ulidhani zikilowa zitayeyuka?"

Duka likapasuka kwa kicheko. Mwingine akadakia, "Mwacheni. Mkewe akianika kanga, yeye akiona wingu anaanua na tairi." Mteja aliyekuja kuziba pancha alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kona alisimama pale pale. Alizoea kusimama mbele ya watu na kueleza. Sasa alisimama tu.

Shemeji hakucheka.

"Nilikuwa nakueleza, shemeji," alisema. "Huko kwao, kwa mambo ya tairi, majira ni mawili, ya barafu na yasiyo na barafu. Mvua yetu hii kwao ni kiangazi. Nilikuwa nafika hapo. Ukaniambia unajua."

"Ndiyo. Nilisema."

"Na jana nilikuuliza."

"Ndiyo. Uliniuliza."

Bosi alivua miwani, akachukua koti la mvua. "Twende," alimwambia Kona. "Mzunguko ule ule. Na wewe," akamwambia shemeji, "kaa nyuma."

Barabara ilikuwa inatiririka maji. Ubavu wa gari ulikuwa bado umebonyea, mlango unalia. Nitasema jambo ambalo Kona mwenyewe alilikiri baadaye: walipokaribia mzunguko, kuna kitu ndani yake kilichoomba tairi ziteleze. Hata kidogo tu. Ili apate kipande cha kujifunikia. Bosi akasema, "Breki." Akakanyaga, kwa nguvu kuliko jana. Tairi zikanywa maji, zikauma lami, gari likasimama mbali na ukingo, limenyooka, hata begi la bosi halikuanguka kutoka kitini.

Wipa zilikuwa zinakwenda na kurudi.

"Haya," bosi alisema. "Sasa niambie kama mwalimu."

"Kwenye maji ni nzuri kuliko tairi yoyote niliyoshika. Kona zinashika. Kwenye matuta ni ngumu, zinagonga. Mwenye barabara ya mashimo usimuuzie, ukuta wake ni mfupi, rimu itapinda. Na kelele zipo, si nyingi."

"Zitadumu?"

Kona akafungua mdomo. Shemeji, kule nyuma, aliinua macho kwenye kioo.

"Sijui," Kona alisema. "Mpira wake unaonekana laini. Lakini sijui."

Jioni ile Kona mwenyewe alimweleza mkewe, mama akiwepo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Bosi aliagiza nusu ya mzigo, na karatasi ya ubavuni ikaandikwa upya: JUA NA MVUA. Shemeji alirudishiwa funguo, lakini usimamizi wa mauzo alipewa mtu mwingine, kwa sababu bosi alisema muuzaji hapaswi kupeleka habari ambayo hajaikagua kwa macho yake. Baada ya mwaka alihamia duka jingine. Huja kwa dada yake siku za sikukuu, anamsalimia Kona vizuri, na hazungumzii magari. Mama mkwe alisafiri bandeji ilipotolewa. Kifundo kilipona kikiwa kimepinda kidogo. Akija mjini anachukua teksi kutoka stendi, na anasema ni kwa sababu hapendi kusumbua watu. Mkewe Kona bado ni nesi, na wakitoka na watoto yeye ndiye anayeendesha. Vile vipara walivichukua mafundi viatu, wakakata soli. Kona bado anafundisha udereva. Wanafunzi wapya wanamwita Mwalimu Kiangazi, na wengi wao hawajui kwa nini. Mtu akianza kumweleza jambo, hunyamaza mpaka mwisho.