Uso wa Nzigire

Siku hiyo nililala kabla jua halijazama, viatu vikiwa bado miguuni, kwa kuwa nilichoka kufikiri. Tangu asubuhi nilikuwa katika kambi ya waliokimbia vita, nikiandika habari za wasichana ambao shule yao ilichomwa moto na watu wenye silaha. Wa mwisho kuzungumza nami alikuwa Nzigire, kama nitakavyomwita hapa, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye siku ya moto aliwaona wachomaji na kuwatambua wawili. Nilipoinua kamera aliniuliza, “Dada, ukinipiga picha tutaletewa mwalimu?” Sikumjibu. Akakichukua kimya changu kuwa ndiyo, akaketi vizuri, akanitazama. Kesho yake ofisi ilikuwa inaingoja picha hiyo, yenye uso na jina.

Usingizi ukanitupa katika nchi ya majivu, yenye jua kali lakini isiyo na kivuli hata cha mtu. Sikuwa nimepiga hatua kumi nilipofikiwa na mwanamume mwembamba aitwaye Haraka, ambaye hata aliposema nami miguu yake haikutulia. “Lete mkoba,” akasema, “waandishi wenzako wamekwisha fika.” Akanivuta mkono mpaka sokoni kwa Sifa. Huko nyuso za wasichana zilianikwa kwenye kamba kama nguo, zikipepea, na nyingine zikijaribu kugeuka zisionekane. Sifa mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, alinipapasa bega akasema hajaona mikono yenye kipaji kama yangu. Sitaficha: moyo ulinijaa. Nikafungua mkoba, nikampa uso wa Nzigire, akauanika mbele ya nyuso zote.

Ndipo akaja Kisasi. Nilitazamia jitu lenye meno, kumbe ni kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyevua kofia kabla ya kusalimu. Sifa akamkaribisha achague. “Sichukui kitu, mama,” akasema. “Natazama tu.” Akautazama uso wa Nzigire kama mtu anayekariri njia, kisha akaelekea kilimani, ambako sauti za wasichana zilisikika zikisoma kwa pamoja.

Nilitaka kumfuata, lakini mkono ukanishika. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge chake kimepauka, macho yake hayaniachi. “Mimi ni Staha,” akasema. “Leo nilisimama mchana kutwa mlangoni pa hema ulimowahoji wasichana, ukanipita.”

“Niliomba ruhusa, mama. Kwa wasimamizi, na kwa mwenyekiti wa kambi.”

“Ulimwomba kila mtu ila mwenye uso. Naye alipokuuliza, ulimpa kimya. Habari za mtu ni zake kabla hazijawa kazi yako, mwanangu. Nia njema haimpi mtu haki ya kuzibeba.”

“Basi nisiandike? Nifute yote?”

Akanionyesha bonde lenye ukungu mzito. “Pale ni kwa Sahau. Wote wasioandikwa wamo humo, na waliowachomea shule hulala fofofo kwa sababu hiyo. Andika. Ila usiandike juu yake, andika naye.”

Nikakimbia. Majivu yalinimeza hadi magotini, na kila nilipochomoa mguu mmoja wa pili ulizama. Kisasi alikuwa tayari ameweka mkono kwenye mlango wa darasa. Kwa hofu nikaita, “Nzigire, toka!” Kisasi akageuka polepole, akatabasamu, akaniinamishia kichwa kwa shukrani, maana sasa alikuwa amelipata na jina.

Niliamka nimelowa jasho. Nje bado kulikuwa na mwanga, na mtu alikuwa akitwanga. Nilikaa kitandani, nikaelewa kwamba mlango ule hakuufungua Kisasi. Niliufungua mimi, mchana kweupe, kwa kutojibu swali dogo la mtoto. Sikungoja kesho.

Nilimkuta Nzigire akichambua maharage na mama yake. Nikaketi chini. “Uliniuliza kama mwalimu atakuja,” nikasema. “Sijui, mdogo wangu. Na picha hii inaweza kuonwa na wale uliowatambua.”

Mama yake akaacha kuchambua. Nzigire akasema, “Uso ufute. Na jina. Pia usitaje kwamba niliwaona wale wawili.”

Nikafuta mbele yake. Nilidhani yameishia hapo, lakini akajifuta mikono kwenye sketi. “Sasa andika. Tulikuwa thelathini na mmoja, tumebaki tisa. Tunafundishana wenyewe nyuma ya kisima, hesabu asubuhi, kusoma jioni.”

Nikaandika. Akaliomba daftari, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, mama yake akisikiliza. Alipofika kwenye neno “waathirika” akasimama, akaniomba kalamu. Akalikata, na juu yake, kwa mwandiko wa mviringo, akaandika: wanafunzi.