Rubani Aliyepuliza Chai Baridi

Miaka ishirini na sita mzee aliandika hadithi za watu wengine. Kampuni ikitoa filamu ya vita vya sayari, yeye hupewa mashujaa wake awatungie riwaya, na kila atakachobuni humo ni mali ya kampuni. Alisaini mkataba bila kusoma, mjuaji yeye, akijiambia kwanza mkono uende kinywani, kitabu chake mwenyewe kitafuata.

Yule rubani wa kike wa riwaya zake hakuwemo kwenye filamu. Mzee alimbuni siku mambo yalipombana, kwa kumtazama mkewe jikoni: mwanamke aliyepuliza chai hata ikishapoa, aliyepika vizuri zaidi siku alizonuna, aliyesema "tumeshazeeka sisi" tangu ana miaka thelathini. Wasomaji walimpenda rubani kupita mashujaa wote. Mkewe alicheka tu. "Umeniuza, baba watoto. Angalau wamenipa chombo cha kurukia."

Mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe, mzee aliandika kitabu chake mwenyewe, akamwandika yeye. Mhariri akapiga simu.

"Mzee wangu, huyu mama ni yule rubani kabisa. Wenye filamu watatushtaki. Mbadilishe kidogo."

"Ni mke wangu."

"Najua, mzee. Lakini ulisaini."

Basi akaketi jikoni na kalamu nyekundu. Akafuta chai, akafuta kununa, akafuta ule utani wa uzee. Alipomaliza, kwenye karatasi alibaki mwanamke mpole, asiye na kasoro, ambaye yeye hakuwahi kumuoa.