Kusimama ni Afya

"Kiti chako kitoe kambani kwangu, shemeji. Nguo zangu hazijaajiriwa na mtu," alisema Redio, kapu la nguo mbichi kiunoni.

Katibu wa chama cha wafanyakazi hakuondoka. Alikuwa ameketi katikati ya ua kwenye kiti cheusi cha ofisini chenye magurudumu, anajizungusha taratibu kama feni inayotafuta umeme. Kiti kilikuwa kimeletwa jana na gari la kiwanda. Mlangoni kwake hakikupita, kikalala uani kimefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Hiki ni kitendea kazi," alisema. "Ni sehemu ya uhusiano mpya."

"Wa nani na nani?"

"Wa chama na mwajiri. Zamani tulikuwa tunagombana. Siku hizi tunazungumza."

"Na vigoda vyetu mmevizungumza?"

Hapo ndipo palipouma. Redio na wanawake wenzake walifunga biskuti kiwandani, wima tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka. Jina lile alipewa kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa mzima umeshiba. Lakini magoti yake hayakuhitaji mtangazaji. Yalivimba yakaonekana toka mbali. Daktari alimwambia achague: akae kazini, au akae nyumbani moja kwa moja. Ndipo wakamtuma Katibu akadai vigoda. Katibu akapelekwa semina, kwenye hoteli yenye mazulia, akarudi na kiti.

"Vigoda vilijadiliwa kwa kina," alisema Katibu. "Mtaalamu alituonyesha mpaka picha. Kusimama ni afya. Damu inashuka vizuri."

"Imeshashuka, shemeji. Imefika magotini imejenga."

Majirani waliojifanya wanachambua mboga wakaangua kicheko. Mke wa Katibu naye alicheka, ila aligeuka kwanza.

"Shida yenu hamuendi na wakati," alisema Katibu. "Chama cha kesho si cha kelele. Ni cha kuelewana."

"Mbuzi na kisu wakishaelewana, anayeliwa nani?"

Jioni ile Redio alifanya kazi ya jina lake, nyumba hadi nyumba. Asubuhi wanawake wakapita getini kila mmoja na kigoda cha jikoni kwapani. Mlinzi alikuwa amekatazwa kuingiza chupa na visu. Vigoda hakuambiwa, akawapisha. Wakavipanga kando ya mkanda unaopitisha biskuti, wakakaa, mikono ikaendelea na kazi. Biskuti hazikuhudhuria semina, kwa hiyo hazikujua tofauti.

Meneja alipoona, akamwita Katibu. "Wanachama wako hao. Wasimamishe."

"Kina mama," Katibu alianza, "hebu tusimame tuelewane."

"Sisi semina hatukwenda," alisema Redio. "Tueleze yote, shemeji, masikio hayafungi biskuti. Ila wewe usikae, usije ukakosa afya."

Katibu akaeleza. Kila alipodhani amemaliza, swali likaibuka.

"Na mwenye mimba kama mimi," aliuliza dada mmoja wa upande wa oveni, "damu yangu inashukia wapi?"

"Na huyo mtaalamu, alifundisha kasimama?" aliuliza mwingine.

Katibu akakohoa. "Alikuwa na kiti. Lakini hakukitumia sana."

Meneja naye alisimama kando; kuondoka kungekuwa kushindwa. Kabla ya chakula cha mchana Katibu alikuwa anabadilisha miguu kama kuku juu ya bati la moto, na meneja akawa wa kwanza kushuka. Alikaa juu ya boksi la biskuti, likabonyea chini yake. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, angepata pa kukasirikia.

"Vibaki," alisema hatimaye. "Kwa majaribio."

Jioni Katibu alirudi uani anachechemea. Kiti chake alikikuta kimeanikiwa mashuka mabichi, na mkewe hayupo. Alimsikia akicheka kwa Redio, akaenda kusimama mlangoni. Ndani, wanawake walikuwa kwenye vigoda vyao wamezunguka sinia.

"Meneja ameniagiza nitangaze," alisema Katibu kwa sauti ndogo, "kwamba vigoda ni matunda ya uhusiano mpya."

"Umeshatangaza?"

"Bado."

"Vigoda vililetwa na nani?"

Katibu aliangalia sinia, kisha viatu vyake, ambavyo leo vilimbana. "Ninyi."

"Sema vizuri, wengine masikio yametoboka kwa mashine."

"Mlivileta ninyi, shemeji. Mimi nilileta kiti."

Redio alimtazama miguu kwa muda. Aliijua hali ile.

"Kesho basi ukisukume mpaka kwa yule dada wa oveni. Yeye ndiye wa kukikalia na tumbo lake."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Mkewe akasogea, akaacha nusu ya kigoda.

"Haya, nawa mikono," alisema Redio. "Karibu ndani ule, na ule umekaa."