Rivasi na Matela Mawili

Mimi ni askari wa barabarani, kazi yangu kukagua magari ya mizigo, na nakiri mwenyewe: nina mdomo. Miaka ishirini na miwili nimepima matela mashariki ya mto Missouri, na ujinga nimeuona wa kila aina. Nimeona mtu kafunga boti kwa kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo Julai ile, saa tano asubuhi, nilipoona pikapu moja inavuta matela mawili, damu ilinichemka kabla sijawasha taa.

Tela la mbele lilikuwa nyumba ya magurudumu, ile ya watu kulala safarini, ndefu na pana. Nyuma yake tela la pili, limejaa mizinga ya nyuki iliyofunikwa wavu. Sheria kwetu inaruhusu, ila kwa masharti, na masharti ndiyo ugomvi wangu. Nikampigia honi, nikamwonyesha aingie kwenye njia nyembamba ya ghala la nafaka, pale nilipozoea kupimia watu, ingawa tangu Aprili sikuwa nimepaingia. Unaingia upande huu, unazunguka ghala, unatokea upande wa pili.

Akashuka bibi mfupi mwenye ovaroli, umri si chini ya miaka sabini.

"Habari za safari, mama?"

"Ilikuwa njema mpaka nilipokuona, afande. Naitwa Ardis Boschee. Pima unachopima, lakini fanya upesi. Nyuki wangu wakisimama kwenye jua hili, wanakufa. Wanahitaji upepo."

"Nyuki husafirishwa usiku. Hata mimi nalijua hilo."

"Nilianza usiku. Tairi likapasuka alfajiri. Ulitaka niwaambie warudi nyumbani kwa miguu?"

Nikaanza kutafuta kosa. Nililitafuta kwa moyo wote, sidanganyi. Nikaingia chini ya tela la mbele: limekaa juu ya kiti chake cha chuma katikati ya bodi ya pikapu, kama sheria inavyotaka, halikuning'inizwa nyuma ya bampa. Nikaangalia minyororo ya tela la pili: imepishana kama mikono ya mtu aliyenuna, ili chuma cha kuvutia kikichomoka kidakwe kisiguse lami. Waya wa breki ya dharura upo. Taa zote zinawaka. Zito liko mbele, jepesi liko nyuma. Mizinga imepangwa uzito ukiegemea mbele kidogo, ili tela lisiyumbe mkia.

Nikatoa tepu. Mwisho wa sheria ni futi sabini na tano. Nikapima kutoka bampa ya mbele mpaka taa ya mwisho, nikapata sabini na nne na inchi kumi.

"Umebakiza inchi mbili tu," nikamwambia, kana kwamba nalo ni kosa.

"Hizo nimewaachia ninyi."

Nilikuwa nimeshindwa. Nikamwambia aende zake, azunguke ghala atokee kule. Bibi akatazama mbele, akanitazama mimi.

"Kule wapi, baba?"

Nikageuka, mara ya kwanza tangu tuingie, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye matela. Mwisho wa njia, pale penye uwazi wangu wa miaka yote, palisimama tangi jipya la nafaka, la chuma, linang'aa, refu kupita kanisa la mjini kwetu. Limeziba njia nzima.

Duane Pochop, mtu wa mizani pale ghalani, alikuwa mlangoni anatafuna mbegu za alizeti. "Nilikwambia tangu Aprili, Kvanvig," akasema. "Nikakwambia tunajenga, usilete magari marefu huku. Ukaniambia nikufundishe kazi yako siku nyingine. Basi leo ndiyo hiyo siku nyingine."

Nilitamani ardhi ipasuke. Pikapu moja yenye matela mawili, mbele tangi, kulia ukuta wa ghala, kushoto mtaro wa maji ya mvua. Na jambo moja ambalo kila mtu anayevuta matela mawili analijua, ambalo mimi ndiye huwakumbusha wengine: usiingie mahali usipoona njia ya kutokea, kwa sababu matela mawili hayarudi nyuma.

"Tulikate tela la nyuma," nikasema.

"Halafu litapita wapi? Lenyewe ndilo litakuwa limeziba," akajibu Ardis. "Una ndoano ya kulivutia kwenye hilo gari lako?"

Sikuwa nayo. Pikapu ya Duane ilikuwa kwa fundi. Nikaita gari la kuvuta. Wakasema litafika baada ya saa moja na nusu.

Ndipo nikawasikia. Mwanzoni nyuki walikuwa wananguruma kwa chini. Sasa mngurumo umepanda, mkali, wa hofu. Walitoka wakashikamana mbele ya mizinga, tabaka juu ya tabaka, wanapepea mabawa wapoze ndani. Duane akaacha mzaha, akakimbilia mpira wa maji, akaanza kunyunyizia wavu.

Ardis alisimama mbele yangu. Sauti yake ilishuka.

"Afande, nyumba yangu niliiuza. Nalala kwenye hilo tela la mbele, nawafuata hao wa nyuma. Sina kingine. Sina saa moja na nusu ya kukupa."

"Mama, nisamehe."

"Baadaye. Sasa narudi rivasi."

"Haiwezekani!" Ilinitoka kwa kelele. Na wala sikuwa nasema ovyo. Tela moja, ukikata usukani kulia, linakwenda kushoto, hilo unajifunza. La pili linakwenda kinyume tena na la kwanza. Unakuwa na bawaba mbili, moja ikikosea nusu shibiri nyingine inakosea mita, na ukichelewa kugundua, matela yanajikunja na kuvunjana. Nimewaona wanaume wa miaka thelathini kwenye malori wakishuka, wakafungua, wakaomba msaada. "Na hilo la nyuma hulioni hata kidogo! Nyumba imekuziba."

"Nikiliona, nimekosea," akasema. "Nisipoliona, niko sawa."

Akafungua mlango wa pikapu, akanigeukia.

"Weka gari lako uzuie barabara kuu. Halafu simama kwenye mdomo wa njia, upande wa mtaro, nikuone kwenye kioo. Gurudumu likikaribia mtaro, inua mkono. Usiseme neno. Kelele zako zitanichanganya."

Nikazuia barabara, nikasimama alipotaka. Magari yakaanza kupanga foleni kila upande. Bibi akashusha vioo vyote, akashika usukani kwa chini, mikono miwili, akaingiza rivasi, akaachia breki bila kugusa mafuta. Gari likaanza kurudi kwa mwendo wa mtu mgonjwa.

Ilibidi arudi mita sabini, na katikati njia inapinda. Kisha avuke lami, aingize tela la nyuki kwenye kinjia cha shamba lililo ng'ambo, ndipo akate kona aende mbele.

Mita kumi. Tela la nyuki lilichungulia kidogo upande wangu. Usukani ukasogea, kiasi cha upana wa kidole, na tela likarudi likajificha. Likachungulia upande wa ghala, likajificha. Hakusubiri likosee. Alilijua kosa kabla halijazaliwa. Mara moja tu nilidhani ameshindwa: kwenye ule upinde, gurudumu la nyuma lilifika shibiri moja na mtaro. Nikainua mkono. Akasimama. Akasogea mbele futi nne, matela yakanyooka, akarudi tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Enyi watu! Nimekaa kanisani miaka hamsini na sijawahi kutetemeka vile. Futi sabini na nne za chuma na mbao, na ndani yake viumbe wasiohesabika wanaolia, vyote vinapita ubavuni mwangu polepole, vinatii vidole vya bibi ambaye kichwa chake hata hakifiki juu ya kiti. Duane alikuwa anatembea kando na mpira wake, uso umelowa, machozi au maji, sijui. Kwenye foleni watu walizima injini, wakashuka, wakavua kofia za jua. Hakuna aliyepiga honi.

Tela la nyuki likavuka lami. Nyumba ikavuka. Akakata usukani, akasogea mbele, na msafara wote ukakaa sawasawa kwenye barabara kuu, ukielekea magharibi.

Watu wakapiga makofi. Ardis hakuwatazama. Alishuka, akaenda kwenye mizinga, akaweka sikio kwenye sanduku moja baada ya jingine. Yalikuwa masanduku thelathini na mawili. Mbele ya mawili alikaa muda mrefu.

"Haya hayasemi," akasema.

Makundi mawili ya nyuki yamekufa, kwa sababu sikuuliza na nilipoambiwa sikusikia. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilijiona nimevuka umri wa kuuliza.

"Mama Boschee, ni mimi niliyewaua."

"Ni wewe," akasema. Hakunipunguzia, na nilimheshimu kwa hilo. "Lakini thelathini bado yana nyuki wazima, na wao hawajui samahani, wanajua upepo. Mjini kuna taa za barabarani?"

"Moja. Kwenye njia panda."

"Nikisimama hapo, nitapoteza wengine."

Niliruka ndani ya gari langu, nikawasha taa na king'ora, nikatangulia. Nilifika njia panda taa ikiwa nyekundu. Nikalikalisha gari langu katikati, nikatoka nje nikatanua mikono kama mwendawazimu, malori mawili na basi la shule yakasimama, na mimi pia nikasimama pale.

Ardis Boschee akapita bila kugusa breki, nyuki wakinguruma kwa chini. Nilimpigia saluti. Yeye hakunipungia mkono, kwa kuwa yote miwili ilikuwa kazini.