Orodha ya Vitabu Ambavyo Sikuvimaliza

Usiku wa jana, soksi zikiwa bado miguuni kwa baridi hii ya Mbeya, niliota nimeketi kwenye benchi la zahanati katikati ya vitabu vyangu mwenyewe. Vitabu vilikuwa sita na mimi nilikuwa mgonjwa namba saba.

Nilivijua vyote. Ni vile ninavyoviweka kwenye orodha yangu kila Januari, orodha ninayoituma kwenye kundi la watengeneza programu wa hapa mjini, nikiwaambia kwamba anayetaka kuendelea kukua kwenye kazi hii avisome. Watu hunipa dole gumba. Mwaka huu mmoja aliniita mwalimu, na mimi sikukataa.

Kila kitabu kilishika kadi ya kliniki. Kilichokuwa kando yangu, kile kinene chenye jalada la kijani, kilikuwa kinakohoa vumbi.

"Unaumwa nini?" nikakiuliza, kwa adabu tu.

"Ganzi," kikasema. "Kuanzia ukurasa wa thelathini na moja kwenda mbele sisikii kitu. Nina kurasa mia tano na kumi na mbili, na mtu wa kwanza kunigusa huko hajazaliwa. Kuna binti mmoja anajaribu sasa hivi. Namwonea huruma."

Binti huyo nilimjua pia. Anaitwa Tumpe, ana mwaka mmoja tu ofisini kwetu, tunapotengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi. Miezi miwili iliyopita nilimwazima kile kitabu na kumwambia kinateleza kama uji. Juzi Jumatatu alikuja mezani kwangu akaniambia ameandika barua ya kuacha kazi na Jumatano ataitoa. "Kaka Ambakisye," alisema, "nimekirudia mara nne, hakiingii. Kama kwako kiliteleza, basi kichwa changu si cha kazi hii. Bora nirudi Tukuyu." Unajua nilimjibu nini, mimi mwalimu? Nilimwambia ajaribu tena polepole.

Basi mlango wa daktari unafunguka. Anatokea mlinzi mwenye koti refu, ameshika kitasa.

"Shikamoo," namwamkia.

Haitikii. Nadhani hajasikia, kwa hiyo naamkia tena. Papo hapo anatokea mama mmoja mwenye ndoo, anaidaka ile shikamoo ya pili hewani na kuitumbukiza.

"Hapa jambo halisemwi mara mbili," ananiambia. "Likisemwa mara mbili nalichukua."

Nachungulia ndani ya ndoo. Naona kikao chetu cha kila Ijumaa, chote, kimejikunja chini kama nguo iliyokamuliwa.

"Na huyu mbona haitikii salamu?"

"Huyu anafungua. Hapa kila mmoja ana kazi moja. Wa kuitikia yuko jengo la pili, na wa kufunga yuko likizo tangu Machi."

Ndiyo maana kulikuwa na baridi. Nikaona ni utaratibu mzuri, hata nikataka kuwaeleza wenzangu.

Daktari alikuwa bata wa plastiki, wa manjano, amekaa juu ya faili. Ofisini kwetu kila mtu ana bata kama huyo mezani. Programu ikikugomea, unamweleza bata mstari kwa mstari, na katikati ya maelezo unaliona kosa mwenyewe. Nimemweleza bata wangu mambo mengi sana kwa miaka sita. Sikujua kwamba anaandika.

"Eleza tatizo," bata akasema.

"Mimi sina tatizo, daktari. Nimekisindikiza kitabu."

"Eleza mstari kwa mstari."

Nikaeleza. Nilikinunua kitabu. Nikakisoma. Nikakipenda. Nikakipendekeza kwa wenzangu.

"Rudi mstari wa pili."

"Nikakisoma."

"Panagoma hapo," bata akasema, akafungua faili. "Ulikisoma mpaka wapi?"

Nilitaka kusema mpaka mwisho. Nimeshawahi kusema hivyo mbele ya watu arobaini kwenye ukumbi wenye kipaza sauti, na sauti yangu haikutetemeka. Lakini huwezi kumdanganya bata. Ana macho yale ya kuchorwa, hayapepesi.

"Mpaka ukurasa wa thelathini na moja," nikasema.

Kitabu kikashusha pumzi ndefu.

"Kuna nini pale?"

"Kuna mchoro. Masanduku na mishale. Niliuangalia jioni tatu mfululizo. Nikajiona mjinga, nikakifunga kitabu, nikakiweka kwenye orodha."

"Kwa nini ukakiweka kwenye orodha?"

"Kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamekiweka kwenye zao."

"Nao wamepita hapa," bata akasema, akielekeza mdomo kwenye rundo la mafaili lililofika darini. "Wote ukurasa ule ule. Katika mkoa mzima aliyevuka ni mmoja tu. Alikuwa amevunjika mguu, hana pa kwenda."

Niseme ukweli, nilifurahi kusikia hivyo. Halafu nikamkumbuka Tumpe na furaha ikaniisha. Nikaona aibu, aibu ya kutaka kuingia chini ya kiti cha daktari, lakini chini ya kiti palikuwa pamejaa. Kulikuwa na mwenzangu mmoja wa kundi lile, hata hakuinua uso.

"Utaingia ukurasani," bata akasema. "Mara moja, baada ya chakula."

Kitabu kinalala kitandani na kujifunua. Napanda ngazi tatu, naingia.

Ukurasa wa thelathini na moja ni uwanja mweupe, na upepo wake ni wa asubuhi ya Juni. Masanduku yale ya mchoro yana ukubwa wa nyumba, na mishale imelala kati yake kama nguzo za umeme zilizoanguka. Tumpe ameketi chini ya sanduku la tatu, amevaa sweta, penseli sikioni na barua mapajani.

"Kaka," anasema. "Hapa niko wiki ya tatu."

Hana hasira hata kidogo. Ningependa angekuwa nayo.

"Wewe ulipitaje hapa?" ananiuliza. "Nionyeshe tu uliweka mguu wapi."

Nageuka nitafute njia ya kutokea, na mlangoni nakuta mlinzi mwingine, mnene, ametoka likizo leo. Huyu ndiye wa kufunga.

"Hutoki," ananiambia. "Anayetoka hapa anapaacha pasafi kuliko alivyopakuta. Wewe umepachafua."

"Nimepachafua na nini?"

Ananionyesha sakafu. Kweli, pale chini pamemwagika uji, umetapakaa ukurasa mzima, umepoa na kushika. Nainama, nauangalia kwa karibu. Ni sentensi yangu, kwa sauti yangu: kinateleza kama uji. Viatu vya Tumpe vimezama humo mpaka kwenye kamba. Hajakwama kwenye mchoro. Amekwama kwenye uji wangu.

Nikapiga magoti nikaanza kuuzoa kwa mikono. Kadiri nilivyozoa ndivyo ulivyorudi. Yule mama wa ndoo alikuja akaangalia, akasema huo si wake, umesemwa mara moja tu na ukatosha.

"Kaka, unafanya nini?" Tumpe akauliza.

"Tumpe," nikasema, "mimi sikupita hapa."

Uji ukashuka kidogo.

"Niliishia hapa hapa ulipokaa. Kisha nikakudanganya."

Ukashuka tena. Tumpe akachomoa kiatu kimoja. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa kazini, kama mtu anayesoma jambo na, kwa mara ya kwanza, analielewa.

Lakini mlinzi bado anatikisa kichwa. "Umemwambia yeye. Na atakayekuja baada yake?"

Hapo nikajua ninachotakiwa kufanya, kwa kuwa ni desturi ya kazi yetu. Tukiandika programu, mahali pagumu tunaacha maneno pembeni kwa ajili ya mwenzetu atakayefika pale sisi tukiwa hatupo: hapa pana shimo, nilijaribu hivi, nikashindwa. Anayeacha mahali pagumu kimya kimya tunamsema mwaka mzima. Mimi nimewasema watu wengi sana.

Nikamwomba Tumpe penseli yake. Nikaenda ukingoni mwa ukurasa, kwenye ile nafasi tupu, nikaandika: Nilikwama hapa. Sikuelewa mchoro huu na sikuendelea. Si kosa la kichwa chako. Ambakisye.

Mlinzi akasoma, akaita kwa kidole, nikapita. Akafunga mlango, maana ndiyo kazi yake.

Niliamka saa moja na nusu. Jua lilikuwa limeshafika ukutani. Nilikaa kitandani nikifikiri namna ya kumwahi Tumpe kabla hajaingia kwa meneja, nikawa natunga maneno, nayafuta, natunga mengine. Ndipo simu ikaita mlio mfupi wa ujumbe.

Ulikuwa wake. "Shikamoo kaka. Samahani kwa asubuhi hii. Nilikuwa nakifunga kitabu chako kwenye mfuko nikurudishie, kikafunguka chenyewe. Haya maandishi uliyaandika lini? Ukurasa huu nimeusoma mara nne, nayajua hata madoa yake. Hayakuwepo. Barua sijaitoa. Saa nne una nafasi tukae wote na huu mchoro?"

Chini yake alikuwa ameweka picha. Ulikuwa ukurasa wa thelathini na moja, masanduku na mishale, na pembeni maneno ya penseli, kwa mwandiko wangu huu mbaya ulaliao kushoto. Neno kwa neno.

Chini ya jina langu palikuwa na mstari mwingine, wa kalamu ya bluu, wino haujakauka vizuri: Na mimi nilikwama hapa. Tumpe.