Korija Moja na Matano

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka getini na kuingia Mtaa wa Sikukuu, Mbaruku alipoukuta. Marobota saba ya khanga yamefungwa kamba, meza imelazwa juu yake miguu ikitazama mbingu, na nyuma anatembea Kuruthumu na kigoda chake mkononi. Hakuwa analia. Angekuwa analia, Mbaruku angejua la kusema.

"Shemeji, simama basi tuongee."

"Ongea tukienda. Huyu mwenye mkokoteni hana breki."

Mbaruku akafuata, akipishana na wapagazi na watandika nguo chini, pumzi zikimkata. Mtu wa miaka sitini na nane hakimbilii mkokoteni Kariakoo ila kama ana deni la moyo, na yeye alikuwa nalo. Kuruthumu ni mdogo wake marehemu Maimuna, mke wa Mbaruku. Katika soko la Vibanda Sitini, huko nyuma ya maduka makubwa, alikuwa na meza ya khanga miaka ishirini na miwili. Asubuhi hiyo meza imekuwa si yake, na aliyemponza ni shemeji yake mwenyewe.

Mbaruku ni mzee wa magazeti. Alianza kwa kupanga herufi kiwandani, akapanda mpaka chumba cha habari. Gazeti likafa, akahamia jingine, nalo likafa. Halafu zikaja siku za kusema madirisha yamefunguliwa, sasa mwandishi aandike, ila aandike kwa weledi. Wafadhili wakaleta mradi, wakamtafuta yeye. Akaandika kabrasha la mafunzo kwa mkono wake, akapewa chumba ghorofa ya pili juu ya duka la mabegi, na vijana kumi na wawili kutoka magazeti na redio za mjini.

Alikuwa na mambo mawili aliyoyapigia meza kila siku. La kwanza, nukuu neno kwa neno, usimsemee mtu. La pili, stori ibalansi: unayemtuhumu mfuate, msomee tuhuma, umpe nafasi ya kujibu kabla hujachapa, siyo baada.

Aliyeyashika kuliko wote ni Anfal, binti wa Ilala, mwandishi wa gazeti la Onesphory. Ilipofika kazi ya mwisho ya mafunzo alitaka stori ya kweli, siyo ya kukata utepe. Mbaruku akamwelekeza Magomeni, kwa shemeji yake.

Maana Kuruthumu alikuwa na jambo. Soko lilikuwa linaezekwa upya, na mwenyekiti wake, Kitwana, alikuwa ameandaa orodha ya watakaorudishiwa meza. Kuruthumu aliiona alipokwenda ofisini kuuliza lake. Alimwambia Mbaruku, lakini kumwambia mwandishi alikataa mara tatu. Kitwana akijua ni mimi, alisema, nimekwisha. Mbaruku akamwapia kwa kaburi la Maimuna: jina lako halitatoka.

Na kweli halikutoka. Anfal aliandika "mfanyabiashara mmoja", basi. Halafu akanukuu kama alivyofundishwa: "Kwenye hiyo orodha, majina korija moja na matano si ya watu wa soko hili, na wawili kati yao wameshakufa."

Korija ni hesabu ya wauza khanga wa zamani: ishirini. Wa siku hizi wanauza kwa dazeni. Anfal hakulijua neno, akamwuliza mwalimu wake kama abadilishe aweke ishirini na tano. Mbaruku akasema acha, neno la mtu ni lake. Miaka yote ndani ya nyumba yake zilihesabiwa korija, mke na shemeji wamekaa mkekani. Sikio lake halikushtuka hata kidogo.

Anfal akaenda kubalansi. Kitwana alimpokea vizuri, akaagiza soda, akamwomba amsomee kilichosemwa. Akasoma neno kwa neno. Kitwana akafumba macho, akamwomba arudie pale pa majina. Akarudia. Mle Vibanda Sitini waliokuwa wakihesabu kwa korija walikuwa wameshakufa au wamerudi kwao, kasoro mmoja. Kitwana hakuuliza jina la mtu. Alisema tu, tutalifanyia kazi, na akamsindikiza binti mpaka mlangoni.

Siku tatu baadaye kamati ilikaa, ikaona kuwa meza moja tu katika soko zima ilikuwa inaziba njia ya zimamoto.

Mkokoteni ulisimama penye kigari cha kirikuu kilichokodiwa. Marobota yakaanza kupakiwa.

"Nilikuapia, shemeji," alisema Mbaruku.

"Uliapa jina halitatoka. Halijatoka. Kiapo chako kizima, kitunze." Kuruthumu alimpa kigoda amshikie, akapanda mbele, akanyoosha mkono akipokee. "Sasa nisikilize. Kilichokuwa kinanifunga mdomo ni ile meza. Andikeni. Jina langu wekeni, la baba yangu wekeni, na picha mnipige. Isiwe nimetoka bure."

Mbaruku alikwenda siku hiyohiyo kwa Onesphory, mhariri. Aliwahi kumfundisha yeye pia, zamani, na Onesphory bado anamwita mzee na kumwamkia kwa mikono miwili. Alisikiliza yote, hakumkatisha. Halafu akavuta droo, akatoa kabrasha.

"Mzee, juzi huyu mama alikuwa shahidi. Leo ni mtu aliyefukuzwa, ana kinyongo. Soma mwenyewe, ukurasa wa kumi na nne."

Mbaruku hakuwa na haja ya kusoma. Chanzo chenye ugomvi na mtuhumiwa kisitegemewe peke yake. Atafutwe shahidi wa pili. Kalamu ilikuwa yake.

Wakamtafuta wa pili. Siku mbili yeye na Anfal walipita meza kwa meza pale sokoni, na kila walipofika redio ilipandishwa sauti. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyewahurumia. "Mwalimu, usitusumbue," alisema. "Wote tuliiona meza inatoka imelazwa miguu juu."

Siku ya vyeti Anfal alibaki wenzake waliposhuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nilikosea wapi?"

Mbaruku aliitazama karatasi ya binti. Alama zake ndizo zilizokuwa za juu kabisa. "Hukukosea popote, mwanangu."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema, akakikunja cheti mara nne, akakitia mfukoni.

Stori haikuchapwa. Kitwana alichaguliwa tena, hakuwa na mpinzani. Vibanda Sitini lilifunguliwa kwa kukata utepe, na wanne kati ya vijana wa Mbaruku walikwenda kuliandika; stori zilibalansi. Majina korija moja na matano yalipewa meza, na kwenye meza za wale wawili waliokufa wanauza watu wengine. Anfal aliacha gazeti mwaka huohuo, sasa yuko kwenye kampuni ya maji ya chupa, anaandika salamu za sikukuu. Onesphory bado mhariri. Kuruthumu aliuza khanga barazani kwake Magomeni miezi minane, wateja wa Kariakoo hawakumfuata, akafunga; marobota mawili yaliliwa na panya. Mradi ulikwisha, chumba kimekuwa stoo ya mabegi. Mbaruku ana makabrasha mia na kitu chini ya kitanda. Kila Idi huenda kumsalimia shemeji yake. Kuruthumu humpa chai na vitumbua, wanaulizana afya, na soko hawalitaji.