Mstari Mwekundu wa Ghorofa ya Tatu

Nisikilizeni, nyinyi mlioshika kalamu juu ya watu, niwasimulie nilichokiona nikiwa nimelalia meza ya ofisi mchana kweupe. Siku hiyo nilikuwa na hasira. Zawena Mkwizu, karani wetu anayetembelea magongo, alikuwa amesaini chini ya mstari mwekundu wa wachelewaji kwa mara ya tatu, na mstari huo huuchora mimi, kila asubuhi saa moja na nusu kamili, katika daftari la mahudhurio ghorofa ya tatu. Mara ya tatu ni kuachishwa kazi. “Getini nilifika mapema, Mzee,” alinieleza. Nikamjibu kwamba sheria ni msumeno, nikaivuta barua yake niitie saini. Usingizi ukanikamata kalamu ikiwa mkononi.

Nikajikuta katika nchi ya ngazi tupu, isiyo na pa kupumzikia wala kivuli, na miguu yangu mizito kama magunia ya mchanga. Juu kabisa, mbele ya daftari langu mwenyewe, alikaa mzee mnene aliyevaa miwani yangu. Jina lake Mazoea. Kadiri jua lilivyopanda, ndivyo kalamu yake nyekundu ilivyoshuka kuelekea karatasi, nami nikajua kwamba ikigusa kabla sijafika, jina langu litafutwa na hata wanangu hawatanitambua. Nikapanda kwa magoti. Wenye haraka wakanipita, wakinikanyaga vidole na kuniambia pole, na pole zao nikazichukia.

“Nimefika tangu alfajiri,” nikalia. “Niko hapa chini, unaniona.”

“Ninakuona,” akasema Mazoea kwa upole. “Ila sheria ni msumeno.”

Kando yangu alisimama mwanamke mrefu aitwaye Insafu, mwenye kumpa kila mtu haki yake. Nikamshika upindo wa kanga, nikamsihi anibebe.

“Nikikubeba leo, kesho utambembeleza nani?” akasema. “Mtu ni mzito, mwanangu. Kitabu kile ni chepesi. Waulize walioko juu kwa nini hawakushusha kilicho chepesi.”

Nikafungua kinywa niulize, na kalamu ikagusa karatasi.

Nikazinduka jasho likinitiririka, barua bado haina saini. Nililia, sioni haya kusema. Nikaichana, nikalikwapua daftari na kushuka nalo, nikizihesabu ngazi: arobaini na mbili. Miaka kumi na mmoja nimezipanda, sikuwahi kuzihesabu.

Asubuhi iliyofuata nikakaa na daftari getini. Zawena akasaini wa kwanza, juu kabisa ya ukurasa, kisha akanigeukia.

“Ahsante, Mzee. Daftari limeshuka,” akasema. “Na meza yangu iliyoko huko juu, itashuka lini?”

Nikamwomba anisubiri hapo hapo chini, nikapanda kuifuata.